Jiwe la Shabu na Kidevu cha Bwana Harusi

Kwanza mjue nani anaandika. Mimi ni Suleiman, Sele Wembe kwa wanaonijua, na asiyenijua Mkunazini basi kafika jana. Skuli niliishia darasa la nne, na leo vijana waliotoka chuo huja kuniuliza ndevu zinachongwa vipi. Nimenyoa makadhi, nimenyoa wakubwa wa serikali waliokuja bila walinzi wao, nimenyoa wageni wa Ulaya waliotaka kupigwa picha wamekaa kwenye kiti changu. Kuna watu wanasema Sele ni kinyozi wa kichochoroni. Kweli duka lilikuwa kichochoroni. Nionyesheni Mji Mkongwe duka lisilokuwa kichochoroni.

Nimeacha kazi mwezi uliopita, nina miaka hamsini na miwili, na mkono wangu ungali mzima. Nyumbani sikai. Nikishakunywa chai nshafika mlangoni, nikifika mlangoni narudi ndani kutafuta kitu nisichokijua. Mke wangu, Asha, kaniambia juzi, "Sele, kaa bwana, unanitia kizunguzungu." Ndiyo nikanunua daftari hili. Naandika kwa ajili yenu vijana wa mashine za umeme, mnaoweka muziki dukani na kudhani kazi imeanza na nyinyi.

Mimi nilifundishwa na Ami Masoud. Hakuwa ami yangu wa damu, alikuwa jirani aliyenichukua baba alipofariki. Siku ya kwanza nilikwenda nimevaa kanzu iliyopigwa pasi, nikijua leo nanyoa. Akanipa fagio. Nilifagia nywele za watu miezi sita. Baada ya hapo akanipa papai bivu, akalipaka povu, akaniambia, "Linyoe. Likitoka utomvu, rudi kwenye fagio." Nilirudi kwenye fagio mara tatu. Mara ya nne papai lilibaki na ngozi yake kama lilivyotoka mtini, na tangu siku hiyo sikumbuki kama nilimuogopa mtu.

Vyombo vyetu vilikuwa vichache. Wembe wa kukunja wenye mpini wa pembe, mkanda wa ngozi wa kuunolea, brashi, bakuli la shaba lenye maji ya dawa, na jiwe la shabu. Nyinyi mna chupa za marashi za rangirangi, shabu labda hamuijui. Ni jiwe jeupe, ukiliangalia utasema barafu. Unalilowesha, unalipaka pale wembe ulipochubua, damu inakatika hapo hapo na mteja anasema "sss" kidogo kwa mwasho. Ami Masoud alikuwa akiliinua juu kwenye mwanga na kusema, "Hili, Sele, linaua kila kitu." Nikaamini. Aliyesema ni fundi wangu, nani angebisha?

Jiwe moja lilipita kwenye videvu vya mtaa mzima. Asubuhi mchuuzi wa samaki, adhuhuri mwalimu, alasiri bwana harusi. Tuliona fahari. Kadiri lilivyopungua ndivyo tulivyojua duka lina wateja.

Ami Masoud alikufa mimi nikiwa kijana. Alianza kuchoka, chakula akawa hakitaki, macho yakawa ya manjano, kisha tumbo likajaa maji mpaka vishikizo vya kanzu havifungi. Tulisema kapigwa jicho kwa sababu duka lake lilikuwa linajaa. Tulisoma, tukachoma ubani, tukamnywesha majani ya kila namna. Wakati wa kufa aliniita.

"Sele."

"Naam, ami."

"Wembe wako. Na shabu yako."

Nikalia, nikachukua. Leo nikikumbuka yale macho najua nilichokuwa nakiangalia. Siku ile niliona urithi tu.

Miaka iliyofuata sitaki kuisimulia yote, mtasema najisifu. Nitasema hili tu: mjini haolewi wala haoi mtu pasi na Sele kujua, maana bwana harusi alinyolewa na mimi. Mlango wa nyumba unafunguliwa, kiti kinawekwa uani, wanawake wanapiga vigelegele, na kinyozi ndiye anayetazamwa kuliko bwana harusi mwenyewe. Nilikuwa na mchezo wangu. Naurusha wembe juu, unazunguka mara moja, naudaka kwa mpini, kisha naushusha shavuni taratibu kama naandika. Wanawake walikuwa wanasubiri mchezo huo kabla ya kusubiri mkate wa ufuta.

Miaka saba iliyopita nikaitwa Kidichi kumnyoa Makame. Baba yake ana shamba la viungo, na Makame mwenyewe kazi yake kuwatembeza wageni humo, kuwakatia mdalasini na kuwavunjia kungumanga wanuse. Kijana mtaratibu, hana maneno. Siku ile uani palijaa. Nikaurusha wembe, vigelegele vikapanda, nikasema niurushe tena, mara mbili hewani. Nikaudaka vibaya. Kidole gumba kikafunguka, Makame akashtuka akainua kichwa, na ncha ikamchubua kidevuni.

"Leo Sele kanyolewa yeye!" mwanamke mmoja akapiga kelele, na uani pote wakacheka.

Nami nikacheka. Nikachukua shabu, nikaibana kwenye kidole changu mpaka damu ikakatika. Kisha shabu ile ile, bado imelowa, nikaibana kwenye kidevu cha Makame. Hata sikuifuta. Nikamaliza kazi, nikapigiwa makofi, nikala biriani, nikarudi mjini nimeridhika. Kidole kilipona siku nne. Nikasahau.

Sasa tuje mwaka juzi. Dada yangu alitakiwa kupasuliwa, hospitali ikasema jamaa wajitolee damu. Mimi nilikuwa wa kwanza kukunja mkono wa shati. Nikamwambia yule aliyenichoma sindano, "Chukua na ziada, hii damu ya Sele ndani yake hamna kasoro." Baada ya siku chache nikapigiwa simu niende kituo cha afya, nikaonane na muuguzi anaitwa Bi Mwanaidi. Mwanamke mfupi, miwani iko kwenye pua, hacheki ovyo.

"Bwana Suleiman, damu yako hatukuitumia," akasema. "Una kirusi cha homa ya ini, aina ya B."

"Miye? Miye sijalala kitandani hata siku moja."

"Ndivyo kilivyo. Kinaweza kukaa ndani ya mtu miaka na miaka hana habari, kinalila ini kidogo kidogo. Wengi wenye kukaa nacho maisha yao yote wamekipata utotoni, pengine kwa mama zao wakati wa kuzaliwa."

"Basi si kosa langu."

"Nani kakwambia kosa? Unafanya kazi gani?"

Nikamwambia, na nikamwambia kwa sauti kubwa, maana hapo nilijiona nimerudi kwenye uwanja wangu. Akavua miwani.

"Wembe unabadilisha kila mtu?"

"Wembe wangu wa kunoa, bibi. Si hizi takataka za kutupwa. Nautia kwenye maji ya dawa."

"Maji unayabadilisha lini?"

"Kila asubuhi."

"Basi wa asubuhi anamwachia wa jioni. Na mtu akichubuka?"

"Nna shabu."

"Ya kila mtu?"

Nikaitikia kwa kichwa. Jamani, mimi kujibu kwa kichwa si kawaida.

Bi Mwanaidi akanieleza polepole, kama anamweleza mtoto, na nilimuacha anieleze. Kirusi hicho kinakaa kwenye damu na maji mengine ya mwilini. Kinapita kwa wembe, kwa sindano, kwa mswaki wa kuazimana, kwa mume na mke, kwa mama na mtoto anapomzaa. Tone kavu usiloliona kwa macho linaweza kubaki na uhai wake juu ya chombo wiki nzima. Shabu inakata damu tu, haikiui. Zipo homa nyingine za ini zinazoletwa na maji machafu na mikono isiyooshwa baada ya choo, hizo zina njia zake. Hii ya B haipiti kwa kushikana mikono, wala kula sinia moja, wala kubeba mtoto. Na ina chanjo. Sindano tatu, mtu amekingika. Aliyekwishaambukizwa chanjo haimsaidii tena, lakini anapimwa ini kila baada ya muda, na zipo dawa akizihitaji.

Asha na wanangu wakapimwa. Walikuwa salama, wakachomwa. Nilidhani nimemaliza. Nikautia wembe wa Ami Masoud sandukuni, nikanunua nyembe za kutupwa, mmoja kwa kichwa kimoja, na chupa nene ya plastiki ya kuzitia zilizotumika ili mtu asije akajikata jaani. Jiwe la shabu nikalitupa baharini pale Forodhani.

Jiwe lilipoondoka mkononi ndipo nikakiona kidevu cha Makame.

Kuanzia hapo sikulala kwa raha. Nilikuwa namnyoa mtu dukani, naona ule ua wa Kidichi. Nikajiambia, mchubuko mdogo ule, nani anakumbuka. Nikajiambia, nikienda habari itafika mjini, na duka litakuwa la popo. Nikajiambia, nimsubiri aje mwenyewe. Wiki ya tatu nikafunga duka saa nne asubuhi, nikaenda.

Makame alikuwa barazani anasuka vikapu vya makuti vya kuwapa wageni wake. Akafurahi. "Shikamoo, Ami Sele! Leo kulikoni, au unatafuta karafuu?"

"Marahaba. Nakutafuta wewe." Nikamwambia yote nikiwa nimesimama, maana ningekaa nisingesema. Kidole, kidevu, shabu, damu yangu. "Nenda kapime, Makame. Wewe na mkeo."

Akaacha kusuka. "Umekuja kunambia umenitia maradhi siku ya harusi yangu?"

"Nimekuja kukwambia sijui."

"Ebo! Mimi mzima. Angalia. Nnapanda mikarafuu hii mpaka juu."

"Na mimi nilikuwa mzima."

"Ami, nakuheshimu," akasema. "Mke wangu ana mimba. Miaka mitano tumengojea, watu wamesema kila walilotaka. Leo miezi mitano. Na weye unakuja na maneno ya damu barazani kwangu. Ondoka. Ondoka kabla hajasikia."

Alikwishasikia. Nilikuwa nimefika kwenye njia ya barabarani nikasikia kandambili nyuma yangu. Zuwena, mke wa Makame, kajifunga kanga, mkono mmoja uko tumboni.

"Ami Sele, ngoja. Huo ugonjwa unatia macho manjano?"

"Wengine."

"Na mkojo kama chai ya rangi?"

Akanieleza mwenyewe. Miezi miwili au mitatu baada ya harusi, Makame aliumwa hivyo hivyo. Wakasema kaonewa kijicho na ndugu aliyemtaka Zuwena. Wakamfukizia, akapona. Baada yake na yeye Zuwena akapata uchovu wa wiki kadhaa, wakadhani ni mimba, haikuwa.

"Kama mimi ninao, na huyu je?" akaniuliza, na akatazama chini, tumboni.

"Bi Mwanaidi anajua. Mimi nanyoa tu." Hilo lilikuwa neno la kwanza la unyenyekevu kutoka kinywani mwangu kwa muda mrefu, na halikuwa tamu.

Alikwenda bila kumuaga mumewe. Majibu alikuja kunipa dukani mwenyewe, kakaa kwenye benchi la wateja, na wanaume wawili waliokuwa wakingoja wakainuka kwa haya. Alikuwa na kirusi. Mwili wake haukukitoa.

Makame alipoambiwa na mkewe naye akakubali kupimwa. Yeye hakuwa nacho tena. Damu yake ilionyesha kwamba kilipita, mwili ukakishinda, zikabaki alama. Nilimuuliza Bi Mwanaidi, "Kwa hiyo ni mimi?"

"Damu haiandiki jina la mtu, Bwana Suleiman."

"Lakini miezi miwili mitatu baada ya harusi."

"Muda unalingana," akasema. "Wengi wanaokipata ukubwani hukitoa wenyewe, kama Makame. Wachache hakiwatoki, kama mkewe. Usinitake nikupe uongo wala nikupe hukumu. Nna mtoto wa kumfikiria."

Na alimfikiria. Akamwambia Zuwena mtoto akiambukizwa wakati wa kuzaliwa kirusi humganda maisha yake, ndiyo maana kujua mapema ni nusu ya kazi. Miezi ya mwisho Zuwena akapewa vidonge vya kukipunguza. Chanjo ya mtoto ikatafutwa kabla, ikawekwa tayari, achomwe siku ile ile anayozaliwa, kabla saa ishirini na nne hazijaisha, asisubiri zile za wiki ya sita. Azalie hospitali, si nyumbani kwa mkunga. Zuwena alikubali kila kitu. Makame alikaa pembeni, na mimi haniangalii.

Mtoto akazaliwa, wa kiume, akachomwa siku ile ile. Niliipata habari kwa mwenye duka la nazi.

Siku ya saba, mila yetu mnaijua, mtoto ananyolewa nywele alizotoka nazo tumboni. Mtaa mzima na mashamba ya huko, vichwa vya siku ya saba vilikuwa vyangu. Siku ile nilioga mapema, nikavaa kanzu, nikakaa dukani. Mchana ukapita. Jioni nikasikia hawakumwita kinyozi yeyote. Makame alikuwa amesema, "Wembe hauingii nyumba hii." Bibi wa mtoto akalia, shangazi wakalalamika, yeye kashika hapo hapo. Mtoto akabaki na nywele zake.

Duka langu, kama nilivyotabiri, likapungua watu. Habari ilifika. Wengine walikuja kunitukana, mmoja akanambia, "Sele, kumbe ulikuwa unatunyoa na roho zetu!" Nikamwambia, "Kaa kimya, ukapime." Nilikuwa nafunga saa nane, natembea Malindi, Vuga, Kikwajuni, nagonga milango ya wateja wangu wa zamani. Kama nilivyowapita na jiwe, nikawapita na maneno. Walio wengi wamekwenda kupima. Wengine walinifungia mlango, nikarudi kesho yake. Sijapata kuzomewa maishani kama miezi ile, na sijapata kutembea kama miezi ile.

Kazi nilikuwa bado naifanya, wembe mpya kwa kila mtu na glavu mikononi, lakini kila shingo niliiona ya Makame. Nikasema nifunge. Nikapanga siku, nikang'oa kioo, nikafungasha bakuli la shaba.

Asubuhi ile ya mwisho kivuli kikasimama mlangoni. Makame, kambeba mtoto wa mwaka mmoja na kitu, nywele zimefika mabegani zimejisokota, mtu angesema mtoto wa kike. Mkono mwingine ameshika bahasha ya karatasi.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba."

"Jana tumepewa majibu yake. Kachomwa zote, kapimwa." Akamweka sawa mtoto mkononi. "Hana kitu. Salama."

Nikakaa kwenye kiti cha wateja, changu mwenyewe, kwa mara ya kwanza.

"Basi inuka," akasema Makame. "Au unataka nikunyoe mimi?" Akafungua bahasha. Ndani mlikuwa na nyembe mbili mpya, bado ziko kwenye karatasi zake. "Mama yake kasema hizi nywele zitatolewa na weye, au zitakaa mpaka aoe. Mimi sikutaka. Nakwambia kweli, ami, sikutaka."

"Sasa mbona zimekuwa mbili?"

"Mmoja wa akiba, ukiurusha."

Sikuurusha. Nikanawa mikono, nikavaa glavu, nikaipasua karatasi ya wembe mbele ya macho yake. Mtoto alipiga kelele kuanzia mwanzo mpaka mwisho, na baba yake akamshika kichwa kwa viganja viwili, uso umekauka, anautazama mkono wangu hauachi. Nilikwenda polepole kuliko siku ya lile papai. Nilipomaliza nikapitisha kitambaa cheupe kichwani, nikakifungua, nikamuonyesha Makame. Kilikuwa cheupe.

Nikautia wembe kwenye chupa. Ule wa pili ulikuwa bado mzima kwenye karatasi yake, nikataka kumrudishia, akasukuma mkono wangu.

"Huo wa kwangu," akasema, akakaa kitini, mtoto mapajani, akainua kidevu.